Saa ya kuazima na muhali unaoharibu wema

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Ahli zake, Masahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu katika imani, Ijumaa ya leo tumekusudia kuzungumza juu ya jambo ambalo huenda baadhi ya wasomaji wakaliona dogo, nalo ni kuazimana saa za mkono baina ya ndugu, jamaa na marafiki. Hatukulichagua kwa kuwa saa ni kitu kikubwa. Tumelichagua kwa kuwa tumeona udugu wa damu ukikatika kwa sababu ya saa moja, na mwenye kukata udugu hakukata jambo dogo.

Shauri la watoto wa ami

Siku moja, baada ya Sala ya Alasiri katika msikiti mmoja wa Mji Mkongwe, walitujia watu wazima wawili, watoto wa ami, mmoja mkaazi wa Kiponda na mwengine wa Makunduchi. Kwa muda wa miaka mitatu walikuwa hawasemezani. Hata alipofariki shangazi yao walikwenda makaburini kila mmoja na kundi lake, wakarudi bila ya kupeana mikono. Wazee wa ukoo ndio waliowalazimisha kuja.

Yule wa Kiponda alikuwa na saa ya mkono ya kizamani, ya kutia ufunguo, aliyoachiwa na marehemu baba yake. Mwenziwe alipokuwa anamuoza kijana wake alimwendea siku ya mkesha wa harusi, na barazani wamejaa watu, akamwambia kuwa bwana harusi amekwisha kupata joho, kilemba na jambia, kilichobaki ni saa ya kuvaa mkononi. Mwenye saa aliona muhali. Akaivua, akaitoa, akasema neno moja tu: "Chukua." Mwenziwe akajibu: "Ahsante." Basi.

Harusi ikapita, ukapita mwezi, ukapita mwaka. Aliyetoa alikuwa akingoja kurejeshewa na akiona haya kudai. Aliyepokea alikuwa akiamini kuwa kijana wake ametunzwa na ami yake, kama ilivyo ada yetu kutunza maharusi. Kijana naye, akijua ni yake, aliibadilisha kwa saa mpya ya rafiki yake, kwani kipya kinyemi ingawa kidonda. Rafiki huyo akasafiri nayo na habari zake zikapotea.

Tulimuuliza wa kwanza: "Ulipompa ulisema unampa nini?" Akanyamaza. Tukamuuliza wa pili: "Uliposikia neno chukua, ulifahamu nini?" Naye akanyamaza. Hatimaye yule wa mwanzo akasema maneno ambayo hatukuyasahau. Alisema hataki fedha. Alitaka saa ambayo tangu utotoni akimwona baba yake akiitia ufunguo kila akirudi kutoka Sala ya Magharibi, na hiyo hakuna duka la Darajani linaloiuza.

Wasomaji wetu, hapo hapakuwa na mwizi wala mlaghai. Palikuwa na watu wawili wema, na kati yao muhali. Hilo ndilo tunalotaka kulizungumza.

Azima ni katika wema alioamrisha Mola

Kwanza lazima tuseme kuwa kuazimana si aibu wala si dalili ya unyonge. Ni wema uliosisitizwa na dini. Katika Sura Al-Maun, ambayo ni sura ya 107, Mwenyezi Mungu (S.W.) amewataja kwa lawama watu wanaojionesha katika ibada zao kisha wakawazuilia wenzao al-maun. Sahaba Abdullah bin Masud (R.A.), kama alivyopokea Imam Abu Daud, amelieleza neno hilo kuwa wao katika zama za Mtume (S.A.W.) walikuwa wakilihesabu kuwa ni kuazimana vitu kama ndoo na chungu. Wako Masahaba wengine walioifasiri kuwa ni Zaka. Lakini hata tafsiri hizo mbili haziko mbali, kwani zote zinamrejea mtu mwenye kushika kwa mkono mmoja asali mbele ya watu, na kwa mkono mwengine akawafungia mlango.

Nyumba ya Mtume (S.A.W.) yenyewe ilikuwa nyumba ya kuazima na kuazimisha. Bibi Aisha (R.A.) alikuwa na kanzu ya thamani ya dirhamu tano, naye amesimulia katika Sahihi ya Imam Bukhari kuwa hapakuwa na mwanamke aliyekuwa akipambwa Madina ila alituma mtu kwake kuiazima. Naye Bibi Aisha aliazima kidani kwa dada yake, Bibi Asmaa (R.A.), akatoka nacho safarini, kikampotea. Mtume (S.A.W.) hakusema kuwa ni kitu kidogo cha dada mtu, wacha kipotee. Alituma watu wakitafute, na katika safari hiyo Waislamu wakafikiwa na wakati wa Sala hali ya kuwa hawana maji, ikateremka aya ya kutayamamu. Kila Muislamu anayetayamamu leo anafaidika na rukhsa iliyoteremka kwa sababu ya pambo la kuazima lililopotea, na la watu wa nyumba moja.

Na pale watu wa Madina waliposhituka usiku kwa sauti iliyowatia hofu, Mtume (S.A.W.) aliazima farasi wa Abu Talha (R.A.) aliyekuwa akiitwa Mandub, akatoka peke yake kwenda kuangalia. Aliporudi aliwatuliza watu na akamsifu farasi yule kwa mbio zake. Tazameni adabu hii: amerejesha, na amesema neno jema juu ya kitu cha watu. Jina la Abu Talha tulikumbuke, kwani tutarudi nyumbani kwake mwisho wa maneno yetu.

Saa ina nini hata tuiseme peke yake

Huenda msomaji akauliza kwa nini saa na si sufuria au baiskeli. Visiwa vyetu vina mapenzi ya zamani na saa. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886, ameeleza namna nyumba za wakubwa wa Unguja zilivyokuwa zikipambwa kwa saa nyingi. Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, lilisimama kwa zaidi ya karne likiwa na mnara wenye saa ukiangalia Forodhani, mpaka sehemu ya jumba hilo ilipoanguka pamoja na mnara wake tarehe 25 Disemba 2020. Saa ya mnara haikuhitaji kuazimwa, kila mpita njia aliinua macho akaitazama. Saa ya mkono ina mwenyewe, na aghlabu ina historia yake: imeletwa na kaka kutoka Maskati au Dubai, imenunuliwa kwa mshahara wa kwanza, au imevuliwa mkononi mwa baba siku aliyofariki.

Kisha saa ni chombo kinachotumika katika ibada. Kwayo tunachunga nyakati za Sala, daku na futari. Ndiyo maana mwenye kuazimisha saa inayochelewa akanyamaza, amemtia mwenziwe katika khatari ya kula daku alfajiri imekwisha kuingia, naye anadhani yumo katika usiku. Na kwa vijana wetu wa skuli, saa bado ni haja ya kweli. Mtahiniwa haruhusiwi kuingia na simu katika chumba cha mtihani, kwa hiyo msimu wa mitihani ukifika, saa za baba, za kaka na za jirani hutoka makabatini. Sisi wenyewe katika ujana wetu tuliingia kwenye chumba cha mtihani na saa ya mtu mkononi, na dua tuliyomuombea mwenyewe haijakatika mpaka leo. Kwa hivyo anayesoma makala haya asije akafahamu kuwa tunawaambia watu wafunge saa zao. Tunachosema ni kuwa wema huu una kanuni zake, na kanuni zake ndizo zinazoulinda.

Jinsi Safwan alivyouliza

Mwaka wa 8 Hijria, baada ya kufunguliwa Makka, Mtume (S.A.W.) alijiandaa kwenda Hunayn, akahitaji deraya. Safwan bin Umayya alikuwa nazo, naye siku hizo alikuwa bado hajasilimu. Mtume (S.A.W.) alikuwa ameingia Makka kwa ushindi na jeshi liko nyuma yake, angetaka kuzichukua hapangekuwa na wa kumzuia. Lakini alimuomba amuazime. Safwan akauliza waziwazi kama anazichukua kwa nguvu. Mtume (S.A.W.) akamjibu kuwa sivyo, bali ni azima yenye dhamana. Na imepokewa kuwa baadhi ya deraya zile zilipotea, Mtume (S.A.W.) akamtaka Safwan apokee fidia yake, naye akakataa kwa kuwa moyo wake siku hiyo ulikuwa umekwisha kuuelekea Uislamu.

Tuyapime maneno haya mawili, swali na jibu, kisha tuyapime maneno mawili ya watoto wa ami, "chukua" na "ahsante". Safwan hakuona muhali kumuuliza mshindi. Na mshindi hakuona kuwa amevunjiwa heshima kwa kuulizwa. Kutokana na uwazi ule, mali ilipopotea mtu hakupotea, bali alipatikana. Na kutokana na kimya cha kwetu, mali ilipotea na ndugu akapotea pamoja nayo.

Sisi watu wa visiwani tumelelewa katika kuoneana haya, na haya ni katika imani. Hatusemi tuyaache. Lakini muhali ni jambo jengine. Haya humzuia mtu asifanye ovu, na muhali humzuia asiseme haki. Tumefundishwa na Mtume (S.A.W.) kuwa mali ya Muislamu si halali kwa mwenziwe ila kwa ridhaa ya nafsi yake. Wanavyuoni, miongoni mwao Imam Ghazali, wameeleza kuwa anachokitoa mtu kwa kuona haya mbele ya watu, na lau si wao asingekitoa, basi mwenye kukichukua naye anajua hivyo, hana tafauti kubwa na aliyekichukua kwa nguvu. Basi anayemwendea mwenziwe barazani, mbele ya wageni, akamuomba saa iliyo mkononi mwake, na ajiulize: nimemuomba, au nimemvua?

Dhamana iko juu ya nani

Waislamu walio wengi hapa Unguja tunafuata madhehebu ya Imam Shafii (R.A.), na katika vitabu vyetu mlango wa azima, al-ariya, umechambuliwa vizuri. Tutataja yale tu yanayomhusu mtu wa saa.

La kwanza, azima ni dhamana juu ya mwenye kuazima. Saa ikipotea, ikiibiwa au ikivunjika mkononi mwake katika matumizi ambayo hakuruhusiwa, analipa, ijapokuwa hakuzembea. Maimamu wengine wamekhitilafiana na sisi hapa. Imam Abu Hanifa (R.A.) ameiona azima kuwa ni amana, hapana malipo ila kwa uzembe au kuvuka mpaka. Ndiyo sababu ni bora jambo hilo lisemwe mwanzo, ili kila mmoja ajue amesimama wapi.

La pili, kinachochakaa kwa matumizi yaliyoruhusiwa hakilipwi. Mkanda ukilika, betri ikimalizika, kioo kikipata mikwaruzo midogo ya kawaida, mwenye saa asije na hesabu. Lakini aliyeazima saa ya kwendea harusini akaenda kuogelea nayo Nungwi, ikaingia maji, hakuruhusiwa hilo, na gharama ni juu yake.

La tatu, linalolipwa ni thamani ya saa siku ilipoharibika, wala si bei ya siku iliponunuliwa. Saa iliyonunuliwa mpya kisha ikavaliwa miaka mitano haidaiwi kama mpya. Mwenye saa akidai zaidi, naye amedhulumu.

La nne, mwenye kuazima hana rukhsa ya kumuazimisha mtu wa tatu bila ya idhini ya mwenyewe. Hapa ndipo vijana wetu wanapoteleza sana. Ameazima kwa mjomba, rafiki yake akaitaka kwa siku moja, na wa siku moja naye akampa wa saa moja. Mwisho saa iko Bumbwini na mwenyewe yuko Vuga, na hapana anayejua imepitia mikono mingapi.

La tano, gharama ya kurejesha ni ya aliyeazima. Si adabu kumwambia mwenye saa apande daladala kuifuata Makunduchi. Na irejeshwe mkononi mwake au kwa aliyemuwakilisha, isiachwe kwa mtoto anayecheza mlangoni.

La sita, mwenye saa ana haki ya kuidai wakati wowote. Hata hivyo ikiwa ameahidi mpaka siku fulani, uungwana na kutimiza ahadi vinamtaka asubiri, maadamu hapana dharura.

Na ikitokea khitilafu kama ile ya watoto wa ami, huyu asema ni azima na yule asema ni zawadi, asili ni kuwa mali ni ya mwenyewe mpaka ithibiti kuwa ameitoa. Basi huaminiwa mwenye mali pamoja na kiapo chake. Lakini ni familia gani inayopenda kufika kwenye kiapo kwa ajili ya saa?

Kubadilishana saa

Yako mazoea mengine, khasa baina ya marafiki waliozoeana: nipe yako wiki hii uvae yangu. Kila mmoja hupata kuvaa kitu kipya bila ya kutoa senti. Ikiwa kila mmoja amempa mwenziwe kwa moyo mkunjufu, bila ya sharti, hizo ni azima mbili na hapana tatizo. Lakini ikiwa mtu anasema sikupi yangu ila kwa sharti unipe yako, Imam Nawawi (R.A.) katika kitabu chake Minhaj amelitaja jambo la namna hii hasa, akitolea mfano wa farasi: mtu anamuazima mwenziwe farasi wake kwa sharti naye aazimwe farasi wake. Amesema hiyo si azima bali ni ukodishaji ulioharibika, na unawajibisha ujira wa mfano. Maana yake ni kuwa, likiingia sharti la malipo, wema umegeuka biashara, na biashara ina masharti yake ya muda na malipo yanayojulikana.

Ama kubadilishana moja kwa moja, saa yangu iwe yako na yako iwe yangu, hiyo ni mauzo kamili. Inafaa kwa kuridhiana, na kwa sharti kila mmoja aeleze aibu ya saa yake: kuwa inapoteza dakika, kuwa ilikwisha kufunguliwa na fundi, kuwa jina lililoandikwa usoni mwake si la kiwanda kilichoitengeneza. Na pakiingia dhahabu kwa dhahabu, hapo milango ya riba iko karibu, wasifanye mpaka waulize. Tena hapana anayeweza kubadilisha asichokimiliki. Kijana wa shauri letu alibadilisha saa ya ami yake kwa kudhani ni yake, na dhana yake haikuihamisha milki.

Bwana harusi na saa ya dhahabu

Kwetu bwana harusi huvishwa vitu vingi vya kuazima. Joho la mjomba, jambia la jirani, na siku hizi saa ya rafiki. Kwa hili hatumlaumu, kwani tumekwisha kuona kuwa maharusi wa Madina walipambwa kwa kanzu ya Bibi Aisha (R.A.). Yako mambo mawili ya kutahadhari.

Moja ni dhahabu. Saa ya dhahabu kwa mwanamume ni haramu, iwe yake au ya kuazima, na mwenye kumuazimisha ili aivae amemsaidia katika maasi. Iliyopakwa rangi tu ya dhahabu si dhahabu. Iliyochovywa, mashekhe wetu wameweka kipimo: ikiwa ingepitishwa kwenye moto kingetoka kitu cha dhahabu, ni haramu, na ikiwa hakitoki kitu, hukumu yake ni nyepesi. Asiyejua na achague ya chuma.

Jambo la pili ni kudanganya. Alikuja mwanamke mmoja kumuuliza Mtume (S.A.W.) juu ya kujionesha mbele ya mke mwenziwe kuwa mumewe amempa kitu ambacho hakumpa. Mtume (S.A.W.) akamfananisha anayejionesha kwa asichopewa na mtu aliyevaa nguo mbili za uongo. Kupamba mkono kwa saa ya rafiki ni pambo. Kuwaacha wakwe waamini kuwa ndiyo hali yako, ukaulizwa ukasema ni yako, huo ni uongo uliojengewa nyumba. Wazee wetu wamesema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Bibi harusi ataishi nawe baada ya saa kurudi kwa mwenyewe.

Saa iliyokutwa kwa marehemu

Limebaki jambo ambalo ni zito kuliko yote. Mtu hufariki, na katika vitu vyake ikakutwa saa ambayo hapana ajuaye kuwa ni ya kuazima. Warithi huigawa. Mwenyewe huja, au huona muhali kuja katika msiba, na miezi ikipita huonekana mwongo. Sheria inasema azima humalizika kwa kufa mmoja wao, na warithi wanawajibika kuirejesha. Haiingii katika mirathi, kwani marehemu hakuimiliki. Mwenyezi Mungu (S.W.) ametuamrisha katika Sura An-Nisaa, aya ya 58, tuzirudishe amana kwa wenyewe. Anayevaa saa ile baada ya kujua, kila akiitazama wakati wa Sala anautazama kwa mali ya mtu.

Kinyume chake nacho hutokea. Hufa mwenye saa, na aliyeazima akajinyamazia, akasema aliyejua amekwisha kuondoka. Huyo ajue kuwa saa ile sasa ni ya warithi, na huenda miongoni mwao wamo mayatima. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Tunaogopa wako wasiolipa hata matanga.

Dawa ni maneno matatu

Basi tufanye nini? Hatuhitaji mikataba wala mashahidi barazani. Tunahitaji maneno matatu, na kila moja halizidi pumzi moja.

Wakati wa kuomba, muombe mwenzio faraghani na umuachie mlango wa kukataa. Mwambie ukiwa na haja nayo, au ukiwa na udhuru, mimi sitakasirika. Kisha usikasirike kweli.

Wakati wa kutoa, mwenye saa na aseme: nimekuazima, kwa ajili ya jambo fulani, mpaka siku fulani. Akitaka kuisamehe dhamana, aseme mapema kuwa ikiharibika sitakudai. Akitaka kutoa zawadi, aseme nimekutunza. Na anayeona ukakasi kusema kwa mdomo, simu iko mkononi mwake, aandike ujumbe mfupi: "Saa nimekuazima, nitaihitaji Jumaapili inshaallah." Ujumbe huo utawafaa warithi siku wote wawili hawapo. Na saa ambayo huwezi kuvumilia kuipoteza, kama ile ya marehemu baba, iseme hivyohivyo: hii siazimi, nitakutafutia nyengine. Kukataa kwa upole ni wema kuliko kutoa kwa kinyongo.

Wakati wa kurejesha, irejeshe kabla ya kudaiwa, ifute vumbi, na useme kilichoipata hata kama ni mkwaruzo. Mwenye saa naye asiifuatishe wema wake kwa masimbulizi. Katika Sura Al-Baqara, aya ya 264, tumekatazwa kuzibatilisha sadaka zetu kwa kusimanga na kuudhi. Anayekaa barazani akisema saa aliyovaa fulani siku ya harusi ilikuwa yangu, amekwisha kujilipa hapa duniani.

Wale watoto wa ami walipeana mikono siku ile. Yule wa Makunduchi alikubali kulipa thamani, na yule wa Kiponda akaisamehe. Saa haikurudi. Tulipowasindikiza mpaka nje, mmoja alimwambia mwenziwe: "Ungeniambia." Naye akajibu: "Ungeniuliza." Hatukuwa na waadhi wa kuongeza juu ya hayo.

Tumalizie nyumbani kwa Abu Talha (R.A.), yule mwenye farasi. Mtoto wake alifariki naye hayupo. Mkewe, Bibi Umm Sulaym (R.A.), alipotaka kumpa khabari hakuanza na msiba. Alimuuliza: watu wakiwaazima watu wa nyumba kitu, kisha wakakitaka azima yao, je, wana haki ya kuwazuilia? Abu Talha akasema hapana. Hapo ndipo alipomwambia atarajie malipo ya mtoto wake kwa Mola. Mwanamke yule aliweza kulibeba zito lile kwa mfano wa azima, kwa sababu katika nyumba yao azima ilikuwa inajulikana: ikitolewa inasemwa, na ikitakiwa inarudi. Watoto wetu nao wanajifunza kurejesha, au kutorejesha, kwa kutuangalia sisi na saa za jirani zilizomo makabatini mwetu. Leo baada ya Sala ya Ijumaa, kila mmoja wetu na afungue kabati lake aangalie.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie miongoni mwa wenye kutoa kwa moyo mkunjufu, wenye kurejesha kabla ya kudaiwa, na wenye kusema haki kwa upole. Amin.

Wallahu aalam.